Huo Mvuje Unatoka Kwenye Ukuta Wako

Chumba cha juu, mwisho wa ukumbi,
mlango wenye pazia jipya.

Kwa Mzee Mwenye Nyumba,
Chumba cha mbele, chini,
chenye kibaraza.

Mheshimiwa Mzee,

YAH: KUPINGA KUHAMISHWA KWA SABABU YA HARUFU AMBAYO SI YETU

Shikamoo Mzee. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima wewe na pua yako, maana pua yako ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Najua ni kichekesho kumwandikia barua mtu ninayemsikia akikohoa chini ya sakafu yangu. Mume wangu aliniambia nishuke tu nikabishe hodi. Lakini Mzee, mimi nikisimama mbele yako nashikwa na kigugumizi, na tangu niolewe nimepata ugonjwa mwingine juu ya huo: jambo lolote ninaloanza kulisema, hata habari ya bomba kuvuja, namalizia kwa kumsifu mume wangu. Dada yangu hanipigii tena simu. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta. Isitoshe, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba lalamiko lenye namba husomwa mpaka mwisho, na lile lisilo na namba hufungiwa maandazi. Kwa hiyo nimetia namba.

Kabla ya namba, nieleze mshitakiwa ni nani. Wewe unamwita "uvundo". Jina lake ni mvuje. Ni utomvu wa mzizi, unakaushwa mpaka unakuwa madonge ya rangi ya kahawia, yanayonata kama gundi. Ukiwa mbichi, sikatai, unanuka kama kitunguu saumu kilichogombana na yai bovu. Lakini uangushie kwenye mafuta ya moto kipande kidogo kama punje ya mtama, uone unavyobadilika tabia, kama mtu mkali aliyepewa kiti na maji ya kunywa. Dengu zikikutana nao zinapata heshima. Kabichi inajisahau kuwa ni kabichi. Na tumbo lililojaa gesi linatulia.

Haya siyasemi kwa kusoma. Nimekulia katika duka la viungo la mjomba wangu, na ni mimi niliyekuwa nikipima na kufunga. Mvuje mjomba aliuweka kwenye kopo, kopo ndani ya kopo jingine, na hilo ndani ya kopo la tatu, kisha akalipandisha kwenye rafu ya juu kabisa, kusudi usiambukize mdalasini. Mteja akiutaka, ilibidi nikalete ngazi ya mbao kutoka stoo, niipande, nifungue makopo yote matatu, nishuke, nipime, nifunge kwenye karatasi na kukaza kwa uzi mwekundu. Wateja wengi walikuwa wakiona ngazi inakuja, wanasema basi, nipe tangawizi.

Mmoja tu hakuwahi kusema basi. Huyo ndiye mume wangu.

Yeye ni fundi mizani. Alikuja dukani mara ya kwanza kurekebisha mizani ya mjomba iliyokuwa ikiwapendelea wateja. Akairekebisha, akaifuta vumbi, akaondoka. Juma lililofuata akarudi. Mjomba akamwuliza, "Fundi, mizani imeharibika tena?" Akasema, "Hapana Mzee, nimekuja kununua mvuje." Na toka siku hiyo akawa anakuja kila juma kununua mvuje. Nikimpimia, anaiangalia mizani kwa utulivu, anasema, "Samahani dada, hebu pima tena." Mwanzo niliudhika, nikadhani ananiona mwizi. Baadaye nikaelewa: hapa nimekutana na mtu anayeupenda mvuje kwa dhati, hataki hata chembe ipotee. Nikajisemea moyoni kwamba mwanamume mwenye mapenzi makubwa kiasi hiki kwa kitu kinachonuka hivi, mke hatakosa chochote kwake.

Unaona, Mzee? Bado sijafika namba moja na nimeshamsifu. Naanza sasa.

LALAMIKO LA KWANZA: Umetuhukumu ukiwa umeziba pua.

Ulipanda mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, mkono wa shati umeubandika usoni, ukasema, "Binti, mnapika nini humu? Au mmemficha maiti?" Mimi nikacheka sana, nikidhani ni utani wa kumkaribisha bi harusi. Hukucheka. Ukasema, "Mwisho wa mwezi. Ama huo uvundo uhame, ama nyinyi mhame. Chagueni." Ukashuka.

Mzee, hakimu gani anasikiliza kesi akiwa amejiziba masikio? Ulichokiziba ni pua, na ushahidi wote ulikuwa wa pua.

Na tafadhali ufahamu ni nini unachotaka kutunyang'anya. Wewe kwako ni chumba kimoja na dirisha moja. Kwangu mimi ndicho chumba cha kwanza duniani ambacho nikiufunga mlango, waliobaki ndani ni mimi na yeye. Meza yetu inayumba. Fundi anayesawazisha mizani za mji mzima ana meza yenye mguu mfupi, na chini ya mguu huo amekunja kadi ya harusi yetu. Nilimwambia ataiharibu kadi. Akasema, "Ndiyo iliyotushikilia sote, acha ishikilie na meza." Sasa niambie, Mzee, nikihamia nyumba nyingine ambayo meza haiyumbi, nitafanya nini?

LALAMIKO LA PILI: Harufu nyingine zote zinaishi hapa bila kusumbuliwa.

Fundi Viatu wa chumba cha kati anachemsha gundi mlangoni kwake mpaka nzi wanalewa. Mama Pacha, Mungu awakuze wanawe, anaanika nepi kwenye kamba inayopita mbele ya dirisha langu kama bendera za sherehe. Wewe mwenyewe, kwa heshima zote, unapaka magoti dawa ya kuchua ambayo hufika juu kabla yako, nasi huambiana, "Mzee anakuja." Hata ile ngazi yako ya mbao unayoifunga kwa mnyororo uani, usiyomwazima mtu hata taa ya ukumbi ikiungua, unaipaka mafuta machafu ya injini kuzuia mchwa, na jua likiipiga, nyumba nzima inakuwa gereji. Je, umeipa ngazi notisi?

Sisemi haya kwa ubaya. Nikiwa na furaha niliyonayo, gundi ya Fundi Viatu nayo naiona ina manukato yake. Nasema tu kwamba nyumba yenye pua ya haki ingetuhamisha sote, tukakutana barabarani na magodoro yetu, wewe ukiwa umebeba ngazi.

LALAMIKO LA TATU: Wanaotushitaki ni wateja wetu.

Uliniambia majirani wamelalamika. Hukuwataja, lakini kuta zako ni nyembamba (nitazirudia kuta hizi katika lalamiko la sita), na sauti nazijua.

Mama Pacha, aliyekuambia kwamba wanawe wanakosa usingizi kwa harufu, alinijia jikoni siku pacha mmoja alipokuwa akilia na kukunja miguu. Akanong'ona, "Jirani, una ule uchafu wako? Mama yangu alikuwa akitupaka kitovuni." Nikauyeyusha kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, akaupaka kuzunguka kitovu. Mtoto akatoa hewa iliyosikika mpaka uani, akalala. Mama Pacha akanishika mikono akasema, "Mungu akubariki. Usimwambie mtu kama nimekuja." Kesho yake nikamsikia ukumbini, "Hao maharusi watatuua."

Fundi Viatu naye alikuja ameshika shavu. "Shemeji, mimi na gundi tumezoeana, lakini hiyo yenu imenishinda. Ila jino hili nalo limenishinda zaidi. Nipe." Nikampa kipande cha kubandika kwenye tundu la jino. Aliondoka akitema mate na kunilaani. Jioni nikamsikia anapiga mluzi.

Sikumtoza mtu chochote. Lakini mtu akija kwa mlango wa nyuma kuchukua dawa, kisha akatokea kwa mlango wa mbele kuishitaki, hiyo nayo ina harufu yake.

LALAMIKO LA NNE: Tumbo lako.

Hili nilitaka kulifuta. Mama Mwenye Nyumba aliniomba nisiseme, nami sisemi. Naandika tu.

Mzee, unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba kunde zinakupanda kifuani, ukatangaza uani kwamba hutazila tena maishani? Na unakumbuka kwamba baada ya hapo ulikula kunde sahani mbili, ukakaa kibarazani umefungua kifungo cha shati, ukamwambia kila anayepita, "Leo mke wangu amepika"? Ule haukuwa mkono wa mke wako peke yake. Asubuhi yake alipanda kwangu na kikombe, akasema, "Mwanangu, kidogo tu, huyu mzee ananguruma kama trekta." Nikampa.

Kwa maneno mengine, Mzee, sehemu ya huo uvundo ilishahamia kwako zamani, na uliipokea kwa kijiko.

LALAMIKO LA TANO: Unaingilia mapenzi.

Hapa naomba univumilie, na kama unasoma barua hii kwa sauti mbele ya mkeo, ruka aya moja.

Siku ya kwanza kumpikia mume wangu katika chumba kile nilipika dengu. Mimi, niliyekuwa nikiwaonya wateja "punje moja tu, usizidishe", nilichota kijiko. Kijiko kizima! Nilisema moyoni, huyu mtu amenunua mvuje wakati wote wa uchumba wetu; nikimtilia punje ataniona mchoyo. Nilipima kwa mapenzi badala ya mizani. Chungu kilipochemka paka wa nyumba aliondoka, na kama umegundua, hajarudi.

Mume wangu akala tonge la kwanza. Akafumba macho. Akashika ukingo wa meza, na meza kama kawaida yake ikayumba. Machozi yakamtoka. Akasema, "Mke wangu, sijawahi..." Hakuweza kumaliza sentensi. Mzee, nilimmalizia mwenyewe moyoni, tena kwa njia nyingi nzuri. Akamaliza sahani yote, akanywa maji mtungi karibu wote, akaniambia nisijisumbue kumwongezea.

Toka hapo napika mvuje kwa ajili yake. Na mume huyu, ninayempikia hivyo, ananilipaje? Anafagia uvungu wa kitanda! Mwenyewe! Niambie katika nyumba hii yote mwanamume gani anainama kufagia uvunguni. Lile sanduku lake la bati, lenye mawe ya mizani, hataki hata niliguse. "Usilisogeze, Bibi Viungo, litakuvunja mgongo." Amelitia kufuli nisije nikajaribu kulipanga nikaumia. Dada yangu nilipomsimulia alisema wanaume wakifagia uvunguni wana jambo. Nikamwambia, ndiyo, wana upendo. Hapo ndipo alipoacha kunipigia simu.

Sasa wewe unataka kunikataza kumpikia mtu huyu kitu anachokipenda kuliko vyote. Kesho utanikataza nisimnyooshee shati.

LALAMIKO LA SITA, na ndilo lililonifanya nishike kalamu: Harufu inatoka ukutani.

Baada ya notisi yako sikubisha. Nililia kidogo, nikamwambia mume wangu kwamba nitauacha mvuje, mapenzi yetu, kwa ajili ya chumba chetu. Aliikubali habari hiyo kwa ujasiri ulionigusa. Uso wake uling'aa kabisa kwa kujikaza. Nikachukua mvuje wote uliokuwa jikoni nikampa Mama Pacha. Nikasugua vyungu kwa majivu. Nikafua mapazia, mashuka, hata kikapu. Nikapika kabichi tupu, tukala.

Harufu haikuondoka. Nikadhani ni pua yangu imeshazoea kusikia kitu kisichokuwepo. Nikafungua dirisha mchana kutwa. Haikuondoka.

Ndipo ulipokuja kukagua. Ulisimama mlangoni, ukanusa. Ukanusa jikoni ukatikisa kichwa, hakuna. Ukanusa mapazia, hakuna. Ukaenda hatua kwa hatua mpaka kwenye kitanda, ukasimama pale kinapoegemea ukuta, ukasema, "Upo hapa. Tena ndiyo kwanza umekolea." Mume wangu wakati huo alikuwa amekaa kitandani, akijifanya anafunga kamba za viatu, na jasho likimtoka kwa uchungu wa kuona mkewe anasingiziwa. Nikakuonyesha makopo matupu. Ukasema, "Mimi sitazami makopo, nanusa. Mwisho wa mwezi ni ule ule."

Mzee, tufikiri pamoja. Mvuje jikoni haupo. Kwenye nguo haupo. Kwenye sufuria haupo. Harufu ipo kitandani panapogusana na ukuta. Kitanda nilikuja nacho kipya kutoka kwa seremala kikinuka mbao. Kinachobaki ni nini? Ukuta. Wako.

Nimelichunguza jambo hili kwa makini. Nimeweka pua kwenye plasta kuanzia dirishani mpaka kwenye kona, jirani wa ng'ambo akinitazama. Nina hakika kwamba aliyejenga nyumba hii aliukanda udongo wa ukuta huo kwa kitu, au kuna mpangaji wa zamani aliyefukia kitu, au ukuta wenyewe una gesi, jambo ambalo kwa mwenye nyumba mwenye tumbo la aina yako lisingekuwa la kushangaza. Samahani, hiyo imenitoka. Nimeishiwa na kifutio.

Ikiwa ukuta ndio unaonuka, basi sisi si washitakiwa tena. Sisi ni waathirika. Tumekuwa tukilala kando ya harufu yako, tukilaumiwa kwa ajili yake, tena tukiwa katika mwezi ambao watu wengine hupewa maua.

Kwa sababu hizo zote naomba, au tuseme nadai, kwa adabu:

(a) Notisi ifutwe, na ifutwe palepale mlangoni ulipoitamkia, kwa sauti ile ile, ili majirani wasikie.

(b) Ukuta ubomolewe kuanzia kitandani mpaka konani, ujengwe upya kwa matofali yasiyo na historia.

(c) Wakati ukibomolewa, wewe na Mama mhamie chumba chetu mkalale na ukuta wenu, nasi tuhamie chumba cha mbele chenye kibaraza. Kitanda chetu kitaenea. Nimeshapima kwa macho nikipita.

(d) Mvuje uruhusiwe rasmi katika nyumba hii, na kila mpangaji mpya aulizwe kama ana gesi.

(e) Paka atafutwe.

Nakutakia afya njema, magoti yasiyouma na kunde zisizopanda. Nisalimie Mama Mwenye Nyumba, umwambie sikusema. Msalimie Mama Pacha na wanawe wote wawili, hasa yule wa hewa. Msalimie Fundi Viatu na jino lake. Wasalimie wote wanaopita ukumbini wakiwa wamejiziba pua. Ikiwezekana wapungie kwa mkono uliobaki huru.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, mwenye furaha isiyo na kiasi na lalamiko lenye namba,

Bi Harusi wa Chumba cha Juu.

NYONGEZA, baada ya saini.

Mzee, usibomoe ukuta.

Kabla ya kuileta barua hii nilitaka kumsomea mume wangu, anisifu. Alikuwa akinywa chai mezani. Lalamiko la kwanza alitabasamu. La nne alicheka mpaka chai ikampalia. La tano akaacha kucheka. Nilipofika kwenye ukuta, akaweka kikombe chini, akasema, "Bibi Viungo, hiyo barua usiipeleke."

Nikamwuliza kwa nini, wakati hoja zimekaa vizuri namna hii.

Akainama uvunguni, akalivuta lile sanduku la bati. Nikapiga kelele, "Mgongo wako!" Akalinyanyua kwa mkono mmoja akaliweka kitandani. Akafungua kufuli.

Hayakuwa mawe ya mizani. Zilikuwa pakiti za mvuje. Zote, Mzee. Zote alizowahi kununua kwa mjomba, zimepangwa safu kwa safu kama vitabu, kila moja imefungwa kwa uzi mwekundu, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Kifuniko kilipoinuka, Fundi Viatu aliita kutoka chumba cha kati, "Shemeji, kwema huko?"

Nikasema, "Lakini wewe si unaupenda mvuje?"

Akasema, "Siuwezi. Tangu mtoto siuwezi. Ule wa siku ya kwanza, mke wangu, nusura nimwone babu yangu."

"Sasa ulikuwa unanunua wa nini?"

Akawa anaangalia mikono yake. Akasema, "Mimi sikuwa nanunua mvuje. Nilikuwa nanunua ile ngazi. Tangawizi ungenipa palepale, na mimi ningeondoka. Ukienda kuleta ngazi, ukapanda, ukafungua makopo yale matatu, ukashuka, nilikuwa napata muda wa kukutazama. Nikiomba upime tena, napata mwingine."

"Na kwa nini hukuzitupa?"

"Nilijaribu. Juzi, baada ya Mzee kukagua, nilibeba moja mpaka kwenye pipa la taka. Nikaona fundo la uzi, nikakumbuka ulivyokuwa unalikaza kwa meno. Nikarudi nayo mfukoni."

Mzee, na mimi nikamwambia ukweli wangu. Mvuje siupendi. Nimekua nikiziba pua dukani kwa mjomba. Nilikuwa nikipanda ngazi ile huku nimebana pumzi. Naupika kwa ajili yake, naye anaula kwa ajili yangu, na paka wa watu amehama kwa ajili yetu sote. Tulicheka mpaka meza ikateleza kutoka kwenye kadi yake. Kelele ulizozisikia zilikuwa hizo, si ugomvi.

Basi lalamiko la kwanza nalifuta: pua yako, hata ilipozibwa, ilikuwa sahihi. La sita nalifuta pamoja na matofali yake. Madai yote nayafuta, isipokuwa la paka. Lalamiko la nne siwezi kulifuta kwa kuwa ni kweli, lakini naomba ujifanye hukulisoma.

Sanduku tumelipeleka uani na tumezigawa pakiti. Mama Pacha amechukua za kumtosha mpaka pacha waoe. Fundi Viatu amechukua, akadai ni za jino la mtu mwingine. Mama Mwenye Nyumba amechukua kikapu. Chumba chetu sasa kinanuka sabuni, na mimi, sijui nikueleze vipi, nimeanza kuikosa ile harufu ya uvunguni, kwa kuwa sasa najua ilikuwa harufu ya nini.

Tunaomba mambo mawili tu. La kwanza, tubaki. La pili, tubaki na pakiti moja, ile ya kwanza kabisa. Tumeitia ndani ya kopo, kopo ndani ya kopo jingine, na hilo ndani ya kopo la tatu. Mume wangu ameshakata mbao ya rafu, na anataka ikae juu kabisa ya ukuta, karibu na dari. Ameniambia yeye hapandi. Nitapanda mimi, na yeye atasimama chini.

Kwa hiyo, Mzee, kama umetusamehe, usihangaike kuandika jibu. Fungua tu ule mnyororo wa uani, uilete ngazi yako ya mbao pamoja na mafuta yake ya injini, uiegemeze kwenye ukuta wetu. Ule ule niliotaka uubomoe.